Mdundo ni Utungo: Istilahi za Muziki na Haki ya Mtunzi wa Biti Katika Mwambao wa Ziwa Tanganyika



1.0 Utangulizi

Katika lugha ya vijana wa leo, wimbo mpya huitwa ngoma. Kijana wa Mwanga, wa Gungu au wa Ujiji akisema kwamba "ngoma imetoka", msikilizaji hafikirii gogo lililowambwa ngozi. Huelewa kwamba kuna rekodi mpya. Ndani ya neno hilo moja yamo maneno ya wimbo, sauti ya mwimbaji, mdundo unaoibeba sauti hiyo, na rekodi iliyonasa yote hayo. Katika mazungumzo ya barazani, ufupisho huo hauna madhara. Madhara hutokea siku fedha zinapoingia, kwa kuwa watu watatu au wanne hujikuta wanadai kitu kimoja chenye jina moja.

Ichukuliwe mfano wa kubuni, ambao hata hivyo haumshangazi yeyote anayezijua studio ndogo za Kigoma. Kijana ana kompyuta, kinanda kidogo na spika mbili. Usiku kucha anaunda biti. Asubuhi anakuja mwimbaji, anaipenda, anatoa fedha kidogo na kuondoka na faili. Hakuna karatasi iliyoandikwa. Baada ya miaka miwili wimbo unasikika redioni na katika tangazo la biashara. Kijana anapouliza fungu lake, anajibiwa: "Si nilikulipa?" Kweli alilipwa. Lakini alilipwa nini? Alilipwa ujira wa kazi ya siku moja, bei ya kitu alichokiuza moja kwa moja, au ada ya kumruhusu mwenzake akitumie? Kabla ya kuwa swali la mahakama, hilo ni swali la lugha.

Mhadhara huu unadai kwamba mdundo unaobuniwa na mtu mmoja ni utungo, kama shairi lilivyo utungo. Na kwamba utamaduni wa Kiswahili una dhana zote zinazohitajika ili kulitambua jambo hilo. Kilichopotea ni matumizi ya istilahi sahihi, na upotevu huo una gharama kwa watu halisi.

2.0 Historia ya maneno

Neno ngoma ni la kale sana. Wataalamu wa isimu linganishi wanaupeleka mzizi wake hadi Bantu Mame, ukiwa na maana ya chombo kinachopigwa. Kutoka hapo maana imepanuka: ngoma ni chombo, ni mchezo wa kucheza, ni mkusanyiko wa watu, na mahali pengine ni tiba. Katika Kirundi, lugha iliyo karibu sana na Kiha cha Kigoma, neno ingoma lina maana ya chombo na pia ya ufalme au utawala. Kwa hiyo neno hili tangu zamani limezoea kubeba zaidi ya kitu kimoja, na vijana waliolihamishia kwenye rekodi hawakukiuka desturi yake.

Neno mdundo limeundwa kwa kitenzi dunda, kiambishi awali cha ngeli ya tatu na kiambishi tamati -o, ambacho mara nyingi huunda nomino ya tendo au ya tokeo la tendo. Mdundo basi ni kile kinachobaki baada ya kudunda. Neno biti nalo limetoka Kiingereza, likaingia katika ngeli ya tisa na ya kumi, likapata upatanisho kamili: biti hii, biti zile, biti kali. Lilikutana na biti jingine lililokuwapo mitaani, la msemo wa "kuchimba biti", yaani kutisha. Hata hivyo muktadha huyatenganisha maneno hayo mawili bila taabu.

Linalotatiza zaidi ni kihusishi -a. Tungo "wimbo wa fulani" yaweza kumaanisha wimbo alioutunga, alioimba, anaoumiliki, au uliotungwa kumsifu. Kihusishi hiki hakisemi uhusiano ni wa aina gani. Husema tu kwamba uhusiano upo. Ndiyo maana, baada ya mwimbaji kuingiza sauti, "biti ya prodyuza" hugeuka taratibu kuwa "biti ya wimbo wa fulani", na hatimaye kuwa "biti ya fulani". Hakuna aliyedanganya. Sarufi yenyewe imeruhusu umiliki uhame bila mtu kutamka neno la kuhamisha.

3.0 Mtunzi na mtayarishaji

Anayeunda biti huitwa prodyuza, na katika maandishi rasmi huitwa mtayarishaji. Neno hili la pili linastahili kuchunguzwa. Shina lake ni tayari, neno la asili ya Kiarabu, lililoongezwa kiambishi cha usababishi likawa tayarisha, kisha kiambishi -aji kinachoonyesha mtenda wa mazoea. Mtayarishaji ni mtu ambaye kazi yake ni kuweka mambo tayari kwa ajili ya mwingine. Huandaa meza, anayekula ni mwingine. Neno halidokezi kwamba amebuni chochote.

Mtunzi ni neno la namna nyingine. Kitenzi chake ni tunga, ambacho maana yake ya awali ni kupitisha vitu katika uzi kwa mpangilio. Hutungwa shanga, hutungwa maua, na katika masoko ya ziwani hutungwa samaki katika kamba. Kutoka hapo hutungwa mashairi, hadithi na sheria. Kinachotajwa na kitenzi hiki ni tendo la kuchagua na kupanga, na kinachotokana nalo ni utungo. Aundaye biti anafanya hilohilo: anachagua sauti, anaamua ngoma nzito iangukie wapi, anaweka kimya mahali ambapo wengine wangejaza kelele, kisha anavipanga vyote katika uzi wa muda. Kwa kipimo cha semantiki ya Kiswahili, huyu ni mtunzi.

Taarab imelitambua jambo hili kwa muda mrefu. Katika vikundi vya Zanzibar, wimbo hutajwa kwa watu watatu: mwenye mashairi, mwenye muziki na mwimbaji. Hakuna anayestaajabu kusikia kwamba maneno ni ya mtu huyu na muziki ni wa yule. Bendi za dansi nazo zilikuwa na dhana ya mtindo. Mlimani Park, iliyoanzishwa mwaka 1978, ilijulikana kwa Sikinde, jina lililochukuliwa kutoka ngoma ya Wazaramo. NUTA Jazz ilijulikana kwa Msondo. Bendi ililinda mtindo wake kwa wivu, na mashabiki walikuwa mashahidi. Hapakuwa na hati yoyote, lakini palikuwa na neno, na neno hilo lilitenganisha chetu na chao.

Maprodyuza wa Bongo Fleva, baada ya kukosa neno la namna hiyo, wamejitungia kinga yao: jina la prodyuza hutamkwa mwanzoni mwa wimbo, kama linavyosikika jina la Laizer katika nyimbo nyingi alizozitayarisha. Wapo wanaoona huo kuwa ulimbwende wa vijana. Lakini msomi wa ushairi atakumbuka kwamba watunzi wa tenzi walikuwa na desturi ya kujitaja mwishoni mwa utenzi, na pengine kutaja tarehe na idadi ya beti, kama alivyofanya Mwana Kupona mwaka 1858. Saini imehama kutoka mwisho kwenda mwanzo. Dai ni lilelile.

4.0 Bahari si mali ya mtu, utungo una mwenyewe

Zipo hoja mbili kubwa zinazotolewa dhidi ya kumtambua mtunzi wa mdundo. Ya kwanza ni kwamba mapigo ni ya wote: hakuna aliyebuni kupiga nne kwa nne, na anayedai mdundo anataka kujimilikisha mapigo ya moyo. Ya pili ni kwamba biti za leo huundwa kwa vipande vya sauti vilivyomo tayari katika programu za kompyuta, kwa hiyo hakuna ubunifu.

Majibu ya hoja zote mbili yamo katika elimu ya ushairi. Saadani Abdu Kandoro, mzaliwa wa Ujiji, alitoa diwani yake Mashairi ya Saadani mwaka 1972. Jina lake limo katika jina la kitabu. Lakini vipimo vya shairi la Kiswahili alivirithi: mizani kumi na sita katika mshororo, vina vya kati na vya mwisho, mishororo minne katika ubeti. Hakuna mshairi aliyepata kudai kwamba mizani kumi na sita ni yake, wala hakuna aliyepata kusema kwamba kwa kuwa mizani ni ya wote, basi mashairi ya Kandoro hayana mwenyewe. Bahari ni ya wote. Utungo una mtunzi. Vivyo hivyo maneno ya kamusi ni ya wote, na mshairi hakuyabuni hata moja. Alichobuni ni mpangilio.

Ukitumiwa ulinganifu huo, mwendo wa jumla wa rumba, wa mchiriku au wa singeli ni bahari. Haufungwi na mtu. Biti fulani, yenye mpangilio wake mahususi wa sauti, mapigo na vituo, ni utungo. Na anayetumia vipande vilivyonunuliwa pamoja na programu hawezi kudai vipande hivyo. Anaweza kudai alivyovitunga, iwapo kweli ametunga.

Mpaka huo si mwepesi kuuchora kila mara. Huko Jamaika, ambako ni desturi waimbaji wengi kuimba juu ya mdundo mmoja, watayarishaji Steely na Clevie walitoa mwaka 1989 mdundo uitwao "Fish Market". Mwaka 2021 shauri lilifunguliwa California, likidai kwamba mdundo huo umekuwa msingi wa idadi kubwa sana ya nyimbo za regetoni. Mwaka 2024 jaji alikataa ombi la washtakiwa la kulifuta shauri hilo katika hatua za awali. Swali lililowekwa mbele ya mahakama hiyo laweza kusemwa kwa Kiswahili kwa maneno machache: hiki kinachodaiwa ni utungo, au kimekwisha kuwa bahari?

5.0 Funzo kutoka upande wa kaskazini wa ziwa

Si lazima kwenda Jamaika ili kuona gharama ya swali hili. Katika miaka ya 1960, Wafaransa waliwarekodi wapiga ngoma wa Burundi, na rekodi ikatolewa katika santuri za Ocora. Mwaka 1971 ilitoka huko Ufaransa rekodi iliyoitwa "Burundi Black": mwanamuziki wa studio alichukua ngoma zilizorekodiwa, akaongeza vyombo vya kisasa juu yake. Mwaka 1975 Joni Mitchell alitumia rekodi ya ngoma za Burundi katika wimbo wake "The Jungle Line". Mwanzoni mwa miaka ya 1980, bendi za Uingereza kama Adam and the Ants na Bow Wow Wow zilipata umaarufu kwa mapigo yaliyoigwa kutoka huko, na waandishi wa muziki wakayaita "mapigo ya Burundi".

Jina hilo linastahili kutazamwa. Kihusishi -a kimefanya kazi yake tena. Mapigo "ya Burundi" ni ya nchi, yaani si ya mtu; majina ya waliopiga siku ile hayakuwekwa miongoni mwa majina ya watunzi. Aliyeongeza vyombo alihesabiwa kuwa amebuni, na waliopiga ngoma walihesabiwa kuwa malighafi. Baadaye, mwaka 2014, UNESCO iliiingiza ngoma ya kifalme ya Burundi katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika, na mwaka 2017 serikali ya nchi hiyo ilitoa amri iliyotaka vikundi vijisajili na vilipie kibali cha kupiga katika sherehe zisizo rasmi. Amri hiyohiyo iliwakataza wanawake kupiga ngoma hizo. Urithi ulilindwa, lakini mlinzi naye alifunga mlango kwa baadhi ya warithi.

Funzo lake kwa Kigoma lina pande mbili. Prodyuza anayelalamika leo kwamba biti yake imechukuliwa, ndiye pia anayeweza kwenda kijijini na simu yake, akanasa ngoma ya wazee, akaikata vipande na kuiweka katika kompyuta. Katika kisa cha kwanza yeye ni mpiga ngoma wa Burundi; katika kisa cha pili yeye ni yule mwanamuziki wa studio. Hawezi kudai haki kwa mkono mmoja na kuinyima kwa mkono wa pili. Sheria ya Tanzania imeliona hilo, na imetenga sehemu maalumu kwa ajili ya sanaa za jadi, ambazo matumizi yake ya kibiashara nje ya mazingira yake ya asili yanahitaji idhini ya Baraza la Sanaa la Taifa.

6.0 Sheria na lugha yake

Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, Namba 7 ya mwaka 1999, hulinda kazi za muziki, ziwe na maneno au zisiwe nayo. Kifungu hicho peke yake kinatosha kumwingiza mtunzi wa mdundo katika ulinzi. Aidha, ulinzi huanza kazi inapobuniwa; usajili husaidia ushahidi, lakini hauzai haki. Tanzania pia imo katika Mkataba wa Berne tangu mwaka 1994. Kwa upande wa Zanzibar ipo sheria yake, Namba 14 ya mwaka 2003.

Ugumu uko katika majina ya watu. Sheria inamtambua mtunzi kuwa ni mtu aliyeibuni kazi, na haki yake ya hakimiliki hudumu uhai wake wote na miaka 50 baada ya kifo chake. Hali kadhalika inamtambua mtayarishaji wa rekodi, ambaye ni mtu au taasisi iliyochukua hatua na dhamana ya kunasa sauti kwa mara ya kwanza. Huyu hupata hakishiriki, na muda wake haufuati uhai wa mtu bali rekodi. Mtayarishaji wa sheria, basi, mara nyingi ni mwenye studio au mwenye fedha. Mtayarishaji wa mtaani ni kijana aliyetunga biti. Neno ni moja, watu ni wawili, na haki zao si sawa. Kijana akisaini karatasi inayomwita "mtayarishaji", yawezekana amejivua utunzi wake kwa neno ambalo alilidhani ni la heshima.

Jambo hili limepata uzito zaidi tangu mwaka 2021, sheria ilipofanyiwa marekebisho na Kiswahili kikawa lugha ya sheria na ya mahakama nchini. Zamani iliwezekana kusema kwamba utata wa Kiswahili utatatuliwa na matini ya Kiingereza. Sasa neno la Kiswahili litasimama lenyewe mbele ya hakimu.

Kwamba haki hizi zina thamani ya fedha, halina shaka tena. Mwaka 2016 Mahakama ya Wilaya ya Ilala iliamuru wasanii AY na MwanaFA walipwe zaidi ya shilingi bilioni 2 na kampuni ya simu kwa sababu ya matumizi ya nyimbo zao mbili kama miito ya simu; uamuzi huo ulifuatiwa na rufaa. Januari 2022 COSOTA iligawa mirabaha ya zaidi ya shilingi milioni 312. Katika shauri lile walalamikaji walikuwa waimbaji, nao walikuwa na haki ya kulalamika. Lakini kila mgawo huanza kwa kuuliza majina ya wenye kazi. Asiyekuwa na jina katika fomu hana cha kusubiri, hata kama kila kiuno kilichochezeshwa na wimbo ule kilichezeshwa na biti yake.

7.0 Mgawo wa wavuvi

Mwambao wa Ziwa Tanganyika unao mfano wake wa haki, uliokuwapo kabla ya studio. Wavuvi wa dagaa hutoka usiku wa giza, wasio na mbalamwezi, kwa taa zinazovuta samaki. Chombo kinaporudi ufukweni asubuhi, kwa kawaida pato hugawanywa kwa mafungu: gharama hutolewa kwanza, kisha mwenye chombo na nyavu hupata fungu lake, na wavuvi hupata lao. Viwango hutofautiana, na migogoro haikosekani. Lakini kila fungu lina jina, na jina hilo hutaja mchango. Hakuna anayesema kwamba kwa kuwa samaki wameuzwa kwa jina la mwenye chombo, wavuvi hawakuvua.

Muziki unahitaji majina ya mafungu. Inapendekezwa kwanza kwamba aliyebuni biti aitwe mtunzi wa mdundo. Anayenasa na kusawazisha sauti aitwe fundi sauti. Na jina la mtayarishaji wa rekodi liachiwe yule anayegharimia na kudhamini rekodi. Mtu mmoja anaweza kuwa wote watatu, kama ilivyo katika studio nyingi za Kigoma, lakini atakuwa na majina matatu na si moja.

Pili, vitenzi navyo vitenganishwe. Kuuza mtumbwi ni kubaki bila mtumbwi. Kuukodisha ni kuutazamia urudi. Vijana husema "nimeuza biti" kwa hali zote mbili. Makubaliano, hata yaliyoandikwa katika nusu ukurasa wa daftari, yaseme kama mdundo umeuzwa moja kwa moja au imetolewa ruhusa ya kuutumia, kwa wimbo upi, kwa muda gani na kwa fungu gani.

Tatu, Baraza la Kiswahili la Taifa na vyuo vikuu vishirikiane na wanasheria na wanamuziki wenyewe katika kusanifu istilahi hizi. Istilahi inayoundwa ofisini bila kupita studio haitatamkwa. Na inayozaliwa studio bila kupita kwa mwanasheria haitasimama mahakamani.

8.0 Hitimisho

Imedaiwa hapa kwamba bahari ni ya wote na utungo una mwenyewe. Kanuni hiyo haikuletwa na meli kutoka Ulaya. Ndiyo iliyowaongoza watunzi wa tenzi, washairi wa Ujiji na mafundi wa taarab. Kuipeleka katika biti za kompyuta ni kuendelea na mila, wala si kuivunja. Wakati huohuo kanuni hiyo inamfunga prodyuza mwenyewe, pale anapochota katika ngoma za wazee wake, ataje alipochota na aombe ruhusa.

Kwa mwanafunzi wa isimu kuna kazi ya kufanya kuanzia kesho: kwenda katika studio, kusikiliza watu wanavyotaja kazi zao, na kuandika maneno hayo kabla hayajafika mahakamani yakiwa na utata. Kijana wa mfano uliotangulia aliulizwa, "Si nilikulipa?" Angekuwa na neno moja la kujibu, kwamba yeye ni mtunzi, mazungumzo yangeanzia mahali pengine.